Mivukuto

Nilikwenda kwa ajili ya ngozi, si kwa ajili ya Mungu.
Rosina Gündisch aligonga geti langu Jumamosi,
theluji imemfika magotini,
ufunguo wa kanisa unaning'inia shingoni kama njuga ya mbuzi.
Akasema: Misch, mivukuto ya kinanda imepasuka,
na wewe ndiwe fundi viatu pekee ambaye hajahamia Ujerumani.

Hakuuliza mbona miaka kumi na mmoja hanioni.
Hilo ndilo lililonifanya nichukue sindano.

Ndani, baridi ya jiwe. Harufu ya nta na panya.
Mabenchi bado yana majina yaliyopakwa rangi,
Konnerth, Theil, Depner,
Wasaksoni waliofunga mizigo majira yale mipaka ilipofunguka,
wakaacha mbwa, mapipa ya kabichi,
na kuku wakizunguka uani wakiutafuta mkono wanaoujua.
Nikapiga magoti. Kiraka kilikuwa chini.

Nilishona hadi giza: ngozi ya kondoo, gundi ya mifupa, uzi wa kitani.
Nikasema, tayari, kwaheri.
Akasema, mota iliungua mwaka juzi, lazima mtu akanyage.
Kesho saa nne.
Akanipa mgongo kabla sijapata uongo.

Basi ndivyo nilivyorudi kanisani: kwa miguu, kweli kwa miguu.
Nyuma ya kinanda, mahali ambapo hapana anionaye,
nakanyaga ubao huu, nakanyaga ule,
mivukuto inajaa, inashusha pumzi kama ng'ombe aliyelala.
Upande wa pili yuko Dorin wa ng'ambo ya kijito,
mwana wa Waroma wafua shaba,
ambaye babu yake aliingia hapa kuleta kuni tu.
Anazipiga tenzi zetu kwa sikio,
anazitia nakshi pale zinaposinzia.
Akikosea, Rosina husema kwa sauti: Endelea, Mungu amezoea.

Watu tisa katika kanisa la watu mia nane.
Zamani wasichana walikaa mbele, wake katikati, wajane nyuma;
leo wote wamebanana benchi moja karibu na jiko,
na mchungaji ameshuka mimbarini,
kwa kuwa kule juu, asema, neno linaganda kabla halijafika.
Ana vijiji vitano na gari moja lisilo na hita.
Huifunua Injili kwa glovu.

Na hapo gizani, jasho likinitiririka, nikajikuta nacheka.
Ubeti wa tatu ulikuwa umefika,
sauti tisa, moja inakwaruza, mbili za viziwi,
na zote zinaungoja mguu wangu.
Nikitulia, wimbo unakata roho.
Nikikanyaga, unarudi.
Tangu Sunhild aondoke
hakuna aliyenihitaji hata kwa urefu wa ubeti.

Baada ya ibada tulipanda mnara
ambamo mababu walitundika mafuta ya nguruwe,
kila nyumba na kulabu yake. Kulabu zipo, tupu.
Chini yake Hermine akapakua supu ya maharage
kutoka sufuria iliyovishwa blanketi,
Floarea, mama yake Dorin, akakata mkate wa viazi kifuani,
na Zsolt, Mkalvini anayekuja kwa ajili ya ubishi,
akasema imani ya Kilutheri inajulikana kwa wingi wa kahawa.
Nikamjibu. Sikumbuki nilichosema, nakumbuka meza ilivyotikisika.

Usharika, ushirika: kati yao pana irabu moja,
na kuivuka kulinichukua miaka kumi na mmoja.

Rosina akafungua daftari la mahudhurio, akahesabu kwa kidole,
akafika tisa, akasita, akanigeukia:
Misch, wewe unahesabiwa, au ni sehemu ya kinanda?
Andika sehemu ya kinanda, nikasema.

Akaandika kumi.

Ubao wa kushoto unalia kidogo nikiukanyaga.
Grisi ninayo. Nimeuacha ulie.